Fundi Amepumzika

Kaka yangu mkubwa anaandika mabango. Si yale yanayochapwa kwa mashine na kubandikwa kama stika. Ya kwake huandikwa kwa brashi, herufi baada ya herufi, juu ya mbao, bati au ukuta mtupu. Mtaani wanamwita Rula, kwa sababu hatumii rula. Akitaka kuteremsha mguu wa herufi ndefu, huvuta pumzi, huiachia taratibu, na brashi hushuka pamoja nayo mpaka chini. Mstari mmoja, pumzi moja. Aliwahi kuniambia kwamba mkono hautetemeki pumzi inapotoka, hutetemeka inapoingia.

Kwa hiyo niliuona ugonjwa kwenye kazi yake kabla ya kuuona usoni. Bango la duka la dawa lilikuwa limeegemezwa ukutani likikauka, na nilipopita karibu nikaona mguu wa D una kiungo katikati, mahali ambapo brashi iliinuliwa ikarudishwa. Kilikuwa kidogo, mteja asingekiona. Nikatazama herufi iliyofuata. Nayo ilikuwa na kiungo. Nikasimama pale, mkoba begani, kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda.

"Unakagua?" akaniuliza.

"Natazama tu, kaka."

"Tazama. Kutazama ni bure." Akanyamaza, akavuta hewa, mabega yakapanda. "Kugusa ndiyo kuna bei."

Zamani angeyasema yote hayo bila kituo.

Ugonjwa wake ni wa misuli. Ulianza miguuni, enzi akiwa kijana wa kupanda ngazi na kuandika majina ya watu juu ya maghorofa yao. Akaacha ngazi, akawa anaandika akiwa amesimama chini. Akaacha kusimama, akawa anakalia stuli. Stuli ikawa kiti cha magurudumu. Mikono, kuanzia kiwiko hadi vidoleni, iliendelea kumtii, mradi auegemeze mkono wa brashi juu ya kifimbo. Tulishazoea mwendo huo: ugonjwa unachukua, yeye anajipanga upya. Tulichokuwa hatujakielewa ni kwamba kupumua nako ni kazi ya misuli. Mapafu yake ni mazima, ndivyo tulivyoelezwa hospitali. Anayechoka ni yule anayeyavuta.

Mashine ya usiku iliingia nyumbani kwa sababu hiyo. Kisanduku cha ukubwa wa kamusi, mpira mrefu, na barakoa ya puani yenye mikanda ya kufungia kichwani. Kabla ya hapo alikuwa akiamka na kichwa kinamgonga, na hawezi kulala chali hata kidogo. Wifi yangu aliipokea mashine kwa namna yake. Aliibatiza jina la mke mwenza.

"Mke mwenzangu amekoroma usiku kucha," husema asubuhi, akiosha barakoa kwa sabuni na maji ya vuguvugu, kwa uangalifu kama anaosha chupa ya mtoto mchanga. "Lakini simlaumu. Akinyamaza yeye, mimi ndiyo sipati usingizi."

Nje ya nyumba hakuna aliyejua. Mashine ilikuwa jambo la chumbani, na kaka alitaka libaki huko.

Siku nilipoviona vile viungo nilimwambia wifi. Alikwenda kupiga simu hospitali. Daktari, mwanamke mpole mwenye sauti ya chini, alimpulizisha kaka kwenye kibomba, akatazama namba, akampulizisha tena. Kisha akakaa ukingoni mwa meza.

"Nguvu ya kupumua imepungua," akasema. "Usiku mashine inakusaidia, lakini mchana hewa chafu inaanza kubaki mwilini. Ndiyo maana unasinzia."

"Nasinzia kwa sababu ya uzee."

"Nina wagonjwa wenye vitukuu. Hawasinzii nikiwa naongea nao."

Akatuonyesha mrija. Ulikuwa wa plastiki ngumu, umepinda kidogo mwishoni, unaungwa kwenye mpira wa mashine na kushikiliwa na mkono wa chuma unaokunjika, karibu na mdomo. Mtu akitaka pumzi anaufumbia midomo, anavuta kidogo tu, mashine inamjazia. Akitosheka anauachia.

"Kama soda," akasema wifi.

"Kama soda," daktari akakubali. "Tuanze na muda mfupi asubuhi na muda mfupi mchana. Halafu tutaona."

Hiyo "tutaona" ndiyo niliyorudi nayo nyumbani. Kaka alirudi na jingine.

"Hata nikiwa kazini?" alimuuliza daktari kabla hatujaondoka.

"Hasa ukiwa kazini."

"Hapana, daktari. Usiku uchukueni. Mchana ni wangu."

Daktari hakupandisha sauti. "Siku moja utasinzia mchana bila mashine, na mwili utakosa nguvu ya kukuamsha. Sikutishi, fundi. Nataka tu ujue unachokikataa."

Tulipewa mrija hata hivyo, ukiwa ndani ya mfuko wake, na mfuko ukatundikwa kwenye kitasa cha dirisha la chumbani bila kufunguliwa. Tukiwa njiani wifi alijaribu mzaha: "Kumbe mke mwenzangu anataka na zamu za mchana." Hakuna aliyecheka.

"Mtu analeta bango lake kwa fundi mzima," kaka akasema baadaye, tulipomkalisha kitandani. Alisema vipande vipande. "Akiona mimi na mabomba, atasema, huyu hatalimaliza."

"Na akikukuta umekufa?" nikamuuliza.

"Atatafuta fundi mwingine."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Wateja ndivyo walivyo."

Siku zilizofuata sikuwa na raha. Naishi nao, chumba cha nyuma, tangu ndoa yangu ilipokwisha, na kazi yangu ya maktaba imenifundisha kukaa kimya na kusikiliza. Nikawa nasikiliza. Niliona ameacha kupokea simu, anatuma ujumbe. Niliona anaacha chakula nusu, si kwa kushiba, bali kwa sababu kutafuna na kupumua vilikuwa vinagombania mdomo mmoja. Na hadithi zake ndefu za vichekesho, zile za mteja aliyetaka jina la duka liandikwe kinyume ili lisomeke kwenye kioo cha gari, alianza kuzikata. Alizikata mwanzo, akazikata katikati, akabakiza mwisho tu. Alitoa mwisho wa hadithi na sisi tukacheka, kwa kuwa zilizobaki tulikuwa nazo kichwani. Nilicheka huku nikijiuliza atakata nini tena baada ya hapo.

Mchana mmoja nilimpelekea maji karakanani nikamkuta ameinamisha kichwa kifuani, brashi ingali mkononi, rangi nyekundu ikitiririka kwenye suruali. Nilimwita. Hakuitika. Kutoka mlangoni hadi pale alipokaa ni hatua za kuhesabika kwa vidole, lakini nilipomfikia nilikuwa nimeshatafuta maneno ya kumwambia wifi na sikuyapata. Nikamshika bega. Akafumbua macho.

"Hiyo suruali," nikasema, sauti ikinitoka kama ya mtu mwingine.

Akaitazama. "Koti la pili litafunika," akasema, akimaanisha mpako wa pili wa rangi, kisha akafumba macho tena, kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia.

Ndivyo ikafika asubuhi aliyoamka na kichwa kinamuuma ingawa alilala na mashine usiku mzima. Wifi alikuwa amembembeleza siku nyingi apumzike walau nusu siku, na asubuhi hiyo kaka alikubali, akaegemezwa kwenye mito, barakoa puani. Aliweka sharti moja: mtu asiambiwe sababu.

Kulikuwa na watu wa kufuata kazi zao siku hiyo, kwa hiyo wifi alikwenda mpaka karakana, mwisho wa mtaa, akaokota chaki, akaandika mlangoni kwa herufi kubwa: FUNDI AMEPUMZIKA. Akarudi kupika.

Mpaka leo anaapa kwamba aliandika alichomaanisha, na namwamini. Lugha yetu inawahurumia mno wafu. Haipendi kusema wamekufa, kwa hiyo inawaazima maneno ya walio hai: wamelala, wametangulia, wametutoka, wamepumzika. Kisha inasahau kuyarudisha. Na neno hilo lenyewe limejengwa juu ya pumzi, kwa hiyo mtu aliyepumzika angeweza kuwa ameipata pumzi au ameimaliza, na mlango wa mbao hauna sauti ya kukufafanulia.

Mimi sikuwa kazini siku hiyo. Nilikuwa jikoni na wifi tuliposikia hodi. Alikuwa Seremala, rafiki wa kaka anayemtengenezea mbao za mabango, kofia mkononi, vumbi la mbao bado limemjaa kwenye nyusi. Nyuma yake Mama Vitambaa, mwenye duka linalopakana na karakana, macho mekundu. Nyuma yao watu wengine, wamesimama kwa upole usio wa kawaida.

"Shemeji," Seremala akasema. "Tumeona pale mlangoni."

"Mmeona? Afadhali. Nilidhani hamtausoma, mwandiko wenyewe ule."

"Tumesoma." Akaikunja kofia. "Ilikuwa lini?"

"Asubuhi hii hii. Baada ya chai."

"Ghafla hivyo?"

"Ghafla gani? Si tumembembeleza siku zote hizi."

Seremala akamtazama Mama Vitambaa. Mama Vitambaa akasogea, akamshika wifi mkono kwa mikono yake miwili.

"Na alisema neno lolote, mwanangu?"

"Alisema asiamshwe mpaka chakula kiive."

Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko, na nikaelewa kabla ya wote. Lakini ulimi ulinigoma. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa nimeiona picha hiyo mara nyingi kichwani, ua umejaa watu, Seremala na kofia yake mkononi, kiasi kwamba kwa muda mfupi nilishindwa kukumbuka kama haijatokea.

"Kaa chini, mama," Mama Vitambaa alikuwa anasema. "Ndivyo inavyoanza. Mtu anaongea ovyo, machozi yanakuja baadaye."

"Machozi ya nini? Nina sufuria jikoni."

"Nani huko?" Sauti ilitoka chumbani, nzito, ikikatwa na pumzi ya mashine.

Mama Vitambaa aliachia mkono wa wifi, akamkamata Seremala mahali fulani shingoni. Kwa pamoja wakavuka sebule mpaka mlango wa chumba, na sisi nyuma yao, na wengine nyuma yetu. Kaka alikuwa ameegemea mito, barakoa puani, mikanda imempita mashavuni, mpira umelala kifuani. Aliupandisha mkono juu ya mito mpaka puani aivue. Akaivua. Lakini walishaona.

Mashine, ikiwa haina pua ya kuipulizia, ilipuliza tu hewani.

"Fundi," Seremala akasema mwishowe. "Sisi tumekuja kukuzika."

"Leo?"

"Mlango wako umesema umepumzika."

Kaka akamgeukia mkewe. "Uliandika nini?"

"Fundi amepumzika," wifi akasema, na palepale akasikia alichokisema. Akaweka kiganja mdomoni.

"Kwa herufi kubwa?"

"Kwa herufi kubwa."

"Mstari ulinyooka?"

"Umeteremka bondeni," Seremala akasema. "Tukajua ni majonzi."

Kaka akaanza kucheka. Watu wakacheka naye, kicheko cha mtu aliyetua mzigo, Mama Vitambaa akichanganya na kilio alichokuja nacho. Ndipo nikaona kwamba kaka hacheki tena. Kicheko kilikuwa kimetoa pumzi yote, na hakikuwa na nguvu ya kuirudisha. Mabega yalipanda, misuli ya shingo ikasimama kama kamba, mdomo ukafunguka na hakuna kilichoingia. Macho yake yalikuwa yananitafuta.

Wifi alifika kwanza. Mikanda ilikuwa imejisokota, na vidole vyake, vinavyofunga mikanda hiyo kila usiku gizani, havikuweza kuifungua mbele za watu. "Iache mikanda," nikasema. Nikaichukua barakoa nikaikandamiza puani kwake kwa mkono, wifi akamfunga mdomo kwa kiganja ili hewa isitorokee huko. Mashine ikapuliza. Kifua hakikuinuka. Nikaikandamiza zaidi. Ikapuliza tena, na safari hii niliona kifua kinapanda, kidogo, kisha zaidi. Rangi ilirudi midomoni polepole, kama inavyorudi kwa mtu aliyetoka kwenye baridi.

Chumba kizima kilikuwa kinapumua pamoja naye. Sijui kama wenyewe walijua.

Alipotulia, Mama Vitambaa alijifuta uso kwa ncha ya ushungi. "Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua," akasema. "Haya. Kilio ndio sisi."

Wageni wengine wakaondoka mmoja mmoja, wakiaga kwa sauti za chini, wakiwa na aibu kana kwamba kutokufa kwake ni jambo walilolifuma bila hodi. Seremala alibaki. Alikuwa anaitazama mashine jinsi anavyotazama samani iliyotengenezwa na mtu mwingine.

"Hiki ukiwa kazini kinakaa wapi?"

"Hakikai," wifi akajibu kwa niaba ya kaka. "Hataki. Wateja watamwona hatamaliza kazi zao."

Kaka hakukana. Alimtazama Seremala. "Ungejua," akasema ndani ya barakoa, akasubiri mashine impe iliyofuata, "ungeniletea kazi?"

Seremala aliizungusha kofia mkononi. "Sijui. Huenda ningesita." Nilimpenda kwa kutosema uongo. "Lakini njiani nilikuwa nawaza mambo mengine. Nilishakutengea mbao."

"Mbao gani?"

"Ile ngumu. Niliyokataa kuiuza."

"Yote?"

"Wewe ni mrefu, fundi."

Kaka akafumba macho, nikapeleka mkono kwenye barakoa, lakini alikuwa anafikiri tu. Kisha akainua kidole kuelekea dirishani, kwenye ule mfuko uliotundikwa kitasani. "Mdogo wangu, ufungue." Nikaufungua. Nikamwekea mrija mkononi, akampa Seremala.

"Nikatie rafu," akasema. "Ya mashine. Na pa kufungia hiki." Pumzi. "Inayobaki irudishe stoo. Usiiuze."

Rafu ilifungwa ubavuni mwa meza ya kazi, pamoja na nafasi ya betri chini yake. Mrija ukakaa mbele ya mdomo wa kaka juu ya mkono wake wa chuma. Wateja wa kwanza waliingia, wakaona, wakajifanya hawajaona. Mmoja alichukua bati lake akasema atarudi, na hakurudi. Kaka alilitazama pengo ukutani siku nzima. Wengine waliuliza ni nini hicho, na kwa kuwa mara nyingi kilikuwa mdomoni, wifi ndiye aliyejibu: "Soda yake."

Anavuta, anaachia mrija, anaandika, anarudi kuvuta. Hasinzii tena ovyo, na kichwa hakimuumi asubuhi. Hayo nayasema kwa shukrani. Lakini nasikiliza bado. Mwanzoni tulikuwa tunamuuliza kama ametumia mashine mchana. Siku hizi hatuulizi hivyo. Tunauliza anaweza kukaa muda gani bila kuitumia, na muda huo ni mfupi kuliko ulivyokuwa mvua zilipoanza. Tulipokwenda hospitali mara ya mwisho, daktari alifurahi sana kumwona. Aliandika, akasema tumefanya vizuri, halafu akasema tutaona.

Jana asubuhi alikuja mwalimu mkuu wa shule kuangalia bango lake. Kaka aliuachia mrija ili amwamkie, na ule mkono wa chuma, ambao skrubu yake imeanza kulegea, ukazunguka taratibu ukaenda pembeni. Haukwenda mbali. Ulikwenda urefu wa kiganja. Wifi alikuwa nyuma anachanganya rangi. Kaka aliinamisha kichwa kuufuata, shingo ikagoma. Aliinua mkono wa brashi kutoka kwenye kifimbo, ukafika kifuani ukaishia hapo. Mwalimu, bila kujua, aliendelea kusema kuhusu ukubwa wa herufi. Kaka hakuita. Labda hakuwa na pumzi ya kuitia. Aliutazama mrija tu, na ulikuwa pale pale, mbele ya macho yake.

Mimi nilikuwa nimepitia kuaga. Nikaurudisha mdomoni.

Akavuta. Akavuta tena. Kisha akauachia, akageuka kwa mteja. "Karibu, mwalimu," akasema. "Ulikuwa unasema."

Seremala ameahidi kuja leo kuibana skrubu. Nimewapigia maktaba kuwaambia nitachelewa, nikavuta stuli, nikakaa upande ule ambao mrija unaelekea kuangukia.